Siku 26 za Dostoevsky



Kwa kawaida ukurasa huu tunauwekea maisha ya mtu wa hapa kwetu. Leo tumekwenda mbali, mpaka nchi ya baridi, kwa mtu aliyekufa mwaka 1881 na ambaye hakukanyaga Afrika hata siku moja. Sababu iko hivi. Mnajua kwamba kundi la vijana wetu linaandika riwaya. Ni hadithi ya familia moja inayokimbia vita kutoka Kabambare, inavuka ziwa Tanganyika, inakaa miaka kambini Nyarugusu, kisha inarudi na kukuta nyumba imeanguka na shamba liko mikononi mwa wengine. Wengi wetu tumepita njia ile. Mfadhili mmoja amekubali kulipia uchapaji, lakini maandishi yote yawe mezani kabla ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili. Siku ile ikipita, makuta yanarudi yalikotoka.

Wiki iliyopita tulikaa nao barazani. Kaye mbili zimejaa, ya tatu bado nyeupe kabisa, na wiki zimebaki tano. Mmoja alituambia kwamba akishika biki tu, usingizi unamkamata. Mwingine alisema afadhali kuacha sasa kuliko kuaibika mwishoni. Tulirudi nyumbani tukiwa na mawazo, na njo tukamkumbuka huyu mtu.

Tungeweza kuwaletea Paul Lomami Tchibamba, Mkongomani mwenzetu, ambaye kitabu chake Ngando kilipata zawadi kule Ubelgiji mwaka 1948. Yeye tutamleta siku nyingine. Leo tunamtaka mtu aliyebakiza siku chache, mwenye deni shingoni na ukurasa mweupe mbele yake. Jina lake ni Fyodor Dostoevsky.

Mtu aliyekwenda na akarudi

Alizaliwa Moscow, Urusi, mwaka 1821. Baba yake alikuwa daktari katika hospitali ya maskini, na familia ilikaa palepale hospitalini, kwa hiyo mtoto alizoea tangu udogo kuona wagonjwa wasiokuwa na kitu. Mama alikufa mwaka 1837, baba akamfuata mwaka 1839. Kijana akasomea uinjinia wa jeshi katika mji wa Saint Petersburg, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kuandika. Akaacha kazi ya serikali. Mwaka 1846 kitabu chake cha kwanza, Watu Maskini, kilitoka, na watu wakaanza kumtaja kama mwandishi mkubwa. Alikuwa na miaka 24.

Sifa zile hazikudumu. Alikuwa akihudhuria mikutano ya vijana waliosoma, ambamo walizungumza juu ya utumwa wa wakulima na juu ya vitabu ambavyo serikali ilivikataza. Mwezi wa nne mwaka 1849 askari walimkamata usiku. Baada ya miezi minane gerezani, yeye na wenzake walipelekwa kwenye uwanja mmoja mjini, wakasomewa hukumu ya kifo. Watatu wa kwanza walikwisha kufungwa kwenye nguzo, na bunduki zimeelekezwa. Ndipo mjumbe wa mfalme akafika na amri ya kubadilisha hukumu. Jambo lote lilikuwa limepangwa mapema ili kuwatisha. Yeye alikuwa katika kundi la pili, na alihesabu kwamba amebakiza dakika chache za kuishi.

Akapelekwa Siberia, katika gereza la Omsk, miaka 4 na minyororo miguuni. Kisha akalazimishwa kuwa askari wa kawaida, mbali kabisa na kwao. Ugonjwa wa kifafa ulimshika na haukumwacha tena. Kule akaoa mjane mwenye mtoto mmoja. Mwishoni mwa mwaka 1859 njo alipata ruhusa ya kurudi Saint Petersburg. Tangu akamatwe ilikuwa imepita miaka 10.

Wamemba, hapa hatuhitaji kueleza sana. Mtu anayerudi baada ya miaka 10 anakuta wenzake wamesonga mbele, jina lake limesahauliwa, waliomjua wanamwangalia kwa wasiwasi. Anaanza upya na umri umekwenda.

Deni la marehemu

Alianza vizuri. Pamoja na kaka yake Mikhail alifungua gazeti mwaka 1861, na lilipata wasomaji wengi. Aliandika humo juu ya maisha ya wafungwa, na watu wakalia. Lakini mwaka 1863 serikali ililifunga gazeti kwa sababu ya makala moja iliyoeleweka vibaya. Ndugu wale wawili wakakopa, wakafungua lingine.

Halafu ukaja mwaka 1864. Mwezi wa nne mke wake alikufa kwa kifua kikuu. Mwezi wa saba Mikhail naye akafa. Aliacha mjane, watoto, na madeni ya gazeti, maelfu ya rubli. Kwa sheria Dostoevsky angeweza kuachana nayo, deni likafa na mwenye nalo. Hakutaka jina la kaka yake lichafuke, wala watoto walale njaa. Akachukua deni lote juu yake. Gazeti likaanguka mwaka uliofuata, deni likabaki.

Hapa wengine watasema alikosa akili. Sisi tunaofanya kazi hii ya vijijini tumeona jambo hili mara nyingi: mtu mmoja katika ukoo amerudi, ana mikono miwili tu, na nyuma yake wanasimama mjane wa kaka, watoto wa dada, na mzee asiyeona. Hakuna aliyemwuliza kama anaweza. Wanamwangalia tu.

Lazima tuseme pia kosa lake, maana hatuandiki maisha ya malaika. Alikuwa mtu wa kamari. Katika miji ya Ujerumani kulikuwa na nyumba za mchezo wa ruleti, na yeye akipata makuta kidogo alikuwa anakimbilia kule, akiamini siku moja atalipa madeni yote kwa usiku mmoja. Alirudi kila mara mifuko mitupu.

Kontra

Katika majira ya joto ya mwaka 1865 wenye kumdai walikuwa mlangoni. Katika Urusi ya wakati ule mtu mwenye deni aliweza kufungwa. Ndipo akaja mchapaji mmoja jina lake Stellovsky, na kontra mkononi. Atampa rubli 3,000. Badala yake atapata haki ya kuchapa vitabu vyote ambavyo Dostoevsky alikwisha kuandika. Na juu ya hayo, Dostoevsky atamletea riwaya mpya, ya urefu uliopimwa, kabla ya tarehe 1 mwezi wa kumi na moja mwaka 1866. Akishindwa, basi kwa miaka 9 kila kitu atakachokiandika Stellovsky atakichapa bila kumlipa hata kopeki moja.

Alitia sahihi. Makuta yale hayakukaa mikononi mwake, yalikwenda kwa wenye kumdai. Baadaye ilijulikana kwamba Stellovsky mwenyewe alikuwa ametuma watu kununua karatasi za madeni yale kwa bei ndogo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya makuta aliyotoa kwa mkono wa kulia iliingia tena katika mkono wake wa kushoto.

Sisi watu wa Kasongo na Kabambare tunaijua kontra ya namna hii, hata kama haiandikwi kwenye karatasi. Mama anadaiwa minervali ya watoto, anauza mupunga wake ukiwa bado majani shambani. Mavuno yakifika, magunia yanapanda pikipiki ya mwenye makuta, na mama anabaki na jembe. Amelima msimu mzima kwa ajili ya mtu mwingine. Kwa Dostoevsky shamba lilikuwa kichwa chake, na mavuno yaliyouzwa yalikuwa ya miaka 9.

Mwezi mmoja umebaki

Mtu atauliza: mwaka mzima na zaidi, alikuwa anafanya nini? Alikuwa anaandika kitabu kingine. Mwezi wa kwanza mwaka 1866 gazeti moja la Moscow lilianza kutoa, sehemu baada ya sehemu, riwaya yake Uhalifu na Adhabu, ile inayosomwa dunia nzima mpaka leo. Gazeti lilidai sehemu mpya bila kuchelewa. Alifikiria kuandika vitabu viwili kwa pamoja, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Haikuwezekana. Kila alipowaza kitabu cha Stellovsky, mkono ulikufa ganzi. Deni likiwa kubwa sana halimpi mtu mbio. Linamlaza.

Ikafika tarehe 1 mwezi wa kumi. Ukurasa wa kwanza haujaandikwa. Zimebaki siku 31.

Rafiki yake mmoja, mwandishi pia, Milyukov, alimtembelea na kumkuta akizunguka chumbani. Aliposikia habari ya kontra alishtuka. Akatoa wazo: marafiki kadhaa wakae, wagawane sura, kila mmoja aandike yake, kitabu kitaisha upesi. Dostoevsky alikataa palepale. Hakukubali kuweka jina lake juu ya kazi ambayo si yake.

Tunaomba vijana wetu wasimame hapa kidogo, na sisi pia tusimame. Maana ni lazima tukiri: wiki iliyopita, tulipoona kaye ile nyeupe, sisi wenyewe tulifikiri kuandika sura mbili kwa niaba yao. Tumesoma chuo kikuu, tuko na kompyuta, tungemaliza kwa siku tatu, na ripoti kwa mfadhili ingekuwa nzuri. Lakini hadithi ile ingekuwa ya kwetu, na vijana wangejua. Tumeacha.

Milyukov alitoa wazo la pili. Mjini kulikuwa na mwalimu wa hati mkato, yaani yale maandishi ya alama fupi ambayo yanakamata maneno ya mtu kwa kasi ya kusema. Kitu hicho kilikuwa kipya Urusi. Dostoevsky aseme, mwingine aandike. Hajawahi kufanya kazi namna hiyo, na hakuamini sana, lakini alikubali. Mwalimu akamchagua mwanafunzi wake bora.

Binti mwenye kalamu mpya

Mwanafunzi yule aliitwa Anna Snitkina, miaka 20. Baba yake alikuwa amekufa mwaka uleule, na alitaka kupata makuta kwa jasho lake mwenyewe. Malipo yalipangwa rubli 50 kwa kazi nzima. Tarehe 4 mwezi wa kumi alinunua kalamu za ziada na mfuko mdogo wa kubebea karatasi, akaenda kwenye nyumba ya mwandishi ambaye vitabu vyake baba yake alivipenda.

Siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Alimkuta mtu aliyechoka, mwenye hasira, anayevuta sigara bila kukoma na kusahau alichouliza. Alimsomea kipande cha gazeti kwa kasi mno ili kumjaribu, kisha akamkemea kwa sababu ya alama ndogo iliyokosekana. Akamwambia arudi jioni. Jioni akaanza kusema maneno ya kitabu, akayasimamisha, akaanza kumweleza habari ya siku ile ya nguzo na bunduki. Anna alirudi nyumbani usiku ameumia kichwa, na kurasa chache tu mfukoni. Wakati ule ilikuwa rahisi kwa wote wawili kuacha.

Kesho yake alirudi.

Ratiba ikapatikana polepole. Anna alikuwa anafika saa sita mchana, wanafanya kazi mpaka saa kumi. Dostoevsky anasema kwa vipande vya nusu saa au zaidi kidogo, kisha wanapumzika, wanakunywa chai, anasimulia mambo ya zamani. Jioni Anna anapeleka alama zake nyumbani, anakaa usiku kuzigeuza kuwa maandishi ya kawaida, na kesho yake analeta kurasa safi. Dostoevsky anazisahihisha, halafu wanaendelea.

Siku za kwanza alitunga palepale akitembea chumbani, na kazi ilikwenda kwa kusuasua. Baadaye akawa anaandaa usiku, anaandika rasimu, na mchana anasoma kutoka kwenye rasimu ile. Kwa hiyo kazi ilikuwa inatembea saa zote: mmoja anaandaa usiku, mwingine ananakili usiku uleule, mchana wanakutana.

Anna aliandika kumbukumbu zake alipokuwa mzee, na kuna jambo moja ndani yake ambalo tumelipenda kuliko yote. Kila siku Dostoevsky alikuwa anamwuliza kurasa za jana zilikuwa ngapi, na jumla imefika ngapi, na kama watawahi. Idadi ilipopanda, na uso wake ulipanda. Hofu ya Stellovsky haikuondoka, lakini sasa ilikuwa na kitu cha kupimana nacho. Fasi ya kuhesabu siku zilizobaki, ambazo kila asubuhi zinapungua, alianza kuhesabu kurasa zilizokwisha, ambazo kila asubuhi zinaongezeka. Na kulikuwa na mtu mlangoni saa sita. Hata siku ambayo moyo hautaki, huwezi kumwambia binti aliyetembea katika baridi kwamba leo hakuna kitu.

Na aliandika nini? Aliandika kitu alichokijua. Hakukuwa na nafasi ya kwenda kutafuta habari mpya. Alichukua aibu yake mwenyewe, kamari, akaifanya kitabu: kijana anayepotea kwenye meza ya ruleti katika mji wa Ujerumani. Kitabu kiliitwa Mcheza Kamari. Wakati mwingine yeye na Anna waligombana juu ya kijana yule. Anna hakumhurumia, na Dostoevsky alimtetea, kwa sababu alijua uchungu wa mtu wa namna hiyo kutoka ndani.

Saa nne za usiku

Tarehe 29 mwezi wa kumi alisema neno la mwisho. Siku 26 zilikuwa zimepita tangu tarehe 4. Kesho yake, tarehe 30, ambayo kwa kalenda ya Urusi ya zamani ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, Anna alileta kurasa za mwisho zikiwa safi. Alitimiza miaka 45, na kitabu kilikuwa mezani.

Lakini kitabu kuwa mezani hakukutosha. Ilibaki kukikabidhi, na Anna alikuwa amekwisha kuwaza jambo hilo. Mchapaji aliyeandika kontra ile hakuwa na hamu ya kukipokea kitabu. Mama yake Anna alikwenda kuuliza kwa mwanasheria, akapata jibu: wakikataa, peleka kwa mthibitishaji wa serikali au kwa ofisa wa polisi wa mtaa, upewe karatasi yenye sahihi na tarehe.

Na njo ilivyokuwa. Dostoevsky alikwenda nyumbani kwa Stellovsky, akaambiwa amesafiri mkoani. Akaenda ofisini kwake, msimamizi akakataa kupokea, eti hakupewa ruhusa. Mthibitishaji hakuweza tena kumpokea, saa zimepita. Akaenda polisi, ofisa mkubwa hayuko, arudi usiku. Alihangaika siku nzima na kitabu mkononi. Saa nne za usiku ofisa alifika, akapokea maandishi, akampa karatasi ya kushuhudia. Zilikuwa zimebaki saa mbili.

Bila neno lile la mwanasheria, siku 26 zote zingekuwa za bure. Angekuwa na kitabu kilichokwisha, na bado angepoteza miaka 9. Wamemba wengi wamewahi kupeleka dosie fasi fulani, wakaambiwa mwenye muhuri hayuko, kesho wakaambiwa tarehe imepita. Tunajua ladha yake.

Kisha

Wiki moja baadaye Dostoevsky alimwomba Anna waendelee, ili wamalize Uhalifu na Adhabu. Walimaliza mwisho wa mwaka uleule. Alimwomba pia awe mke wake. Walioana mwezi wa pili mwaka 1867.

Hatutaki mfikiri kwamba kutoka hapo yote yalikuwa sukari. Wenye kumdai walirudi, na ndugu wa marehemu walidai zaidi. Wakaondoka nchini kwa kuweka rehani vitu vya nyumba vya Anna, wakakaa nje miaka 4. Kule alicheza kamari tena, mpaka nguo za mke zilikwenda rehani. Mtoto wao wa kwanza alikufa Geneva akiwa na miezi michache tu. Mwaka 1871 aliacha kamari, na hakurudia tena. Mwaka uleule walirudi nyumbani. Kwa mara ya pili katika maisha yake alikuwa mtu aliyerudi, na wenye kumdai walikuwa wanamngoja.

Safari hii Anna alisimama mbele. Alizungumza mwenyewe na wadai, mmoja mmoja, akapanga malipo ya kidogo kidogo. Mwaka 1873 wakaamua kutompa mchapaji yeyote kitabu kipya: walikichapa wenyewe, na Anna akakiuza kutoka nyumbani kwao, akipokea wauzaji mlangoni. Kazi ile aliifanya kwa miaka mingi. Madeni yaliyoanza na kifo cha Mikhail mwaka 1864 yalikwisha kulipwa kabla Dostoevsky hajafa, lakini kwa karibu tu. Alimaliza riwaya yake kubwa ya mwisho, Ndugu Karamazov, mwaka 1880. Mwanzoni mwa mwaka 1881 alikufa, na watu maelfu kwa maelfu walisindikiza jeneza lake. Anna aliishi mpaka mwaka 1918 akitunza kazi ile.

Tunachukua nini hapa Wamaza

Watu wakisimulia siku zile 26, mara nyingi wanasema alikuwa na kipaji, njo maana aliweza. Kipaji alikuwa nacho tangu kontra inatiwa sahihi, na miezi 15 ilipita bila ukurasa mmoja. Kilichobadilika mwezi ule wa kumi ni kwamba hakukaa tena peke yake na deni lake. Rafiki alikuja na wazo, mwalimu akachagua mtu, binti akafika kila siku saa ileile, mama wa binti akauliza sheria. Kila mmoja alileta kidogo, na hakuna aliyeandika kitabu fasi yake.

Chama chetu kiko juu ya msingi huohuo. Likelemba yetu haimlimii mtu shamba. Inamwezesha asiuze mupunga ukiwa majani. Ninyi wafadhili mkituuliza kila mwaka kwa nini tunaomba kasa ya dharura iwepo hata kabla ya msimu wa njaa, jibu liko katika hadithi hii: mtu akifikiwa na mwenye makuta wakati mlango umezungukwa na wadai, atatia sahihi chochote.

Kwa vijana wetu wa riwaya, tumekubaliana na komite mambo haya, na tunayaandika hapa ili wote mtushuhudie.

Kwanza, kuanzia Jumatatu chumba kidogo cha ofisi ni chao kila siku, saa nane mpaka saa kumi na moja. Mmoja anasema, mwingine anaandika, kisha wanabadilishana. Ambaye usingizi unamkamata akishika biki, aseme kwa mdomo.

Pili, ukutani tutabandika karatasi moja. Haitaandikwa siku zilizobaki. Itaandikwa kurasa zilizokwisha, na kila jioni idadi itaongezwa mbele ya wote.

Tatu, mamemba wawili waliomaliza sekondari wamekubali kunakili usiku, kwa maandishi safi. Watanakili tu. Hawataongeza neno la kwao, na sisi pia hatutaongeza.

Nne, waandike walichokijua: siku ya kuvuka ziwa, foleni ya maji kambini, siku ya kurudi na kukuta mwembe wa babu umekatwa. Wasitafute mambo ya mbali.

Tano, mtu wa komite ameandikia mfadhili kuuliza maandishi yapokelewe wapi, na nani, na saa ngapi, na tutapewa karatasi gani ya kushuhudia. Hilo tumelifanya sasa, hatukungoja tarehe 31.

Jana jioni tulipopita ofisini, kaye ya tatu ilikuwa na kurasa sita. Ni kidogo, lakini juzi ilikuwa nyeupe. Atakayepita Wamaza wiki hizi, aingie, asome idadi iliyo ukutani, na akiweza alete mafuta ya taa au betri za tochi, maana wanaonakili wanafanya kazi usiku.